Siku ya bumu, gheto la Nyegezi

Juzi kijana wa mwaka wa kwanza hapa Mwanza kaniandikia: "Kaka, nikikataa pombe gheto wananiita mlokole. Nifanyeje?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Enzi zetu aliyekuwa akiwaita wenzake walokole ni mimi.

Mwaka wa pili, siku bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, limeingia, tulikuwa watano gheto Nyegezi. Mchana sato wa kukaanga, jioni pombe kali, tukiichanganya na vinywaji vya kuongeza nguvu ili tusisinzie. Kumbe kinachokimbia ni usingizi tu, ulevi unabaki palepale. Rafiki yangu akaongezea tramado, vile vidonge vya maumivu. Saa sita usiku akazima. Tukamlaza chali, muziki ukaendelea.

Aliyemwokoa ni mama mwenye nyumba, na alikuja kugombana kuhusu kelele. Alimkuta anakoroma vibaya, matapishi mdomoni, midomo imepauka. Akamgeuza ubavu, akaagiza bajaji, akatutukana Kisukuma hadi hospitali. Sisi tulikuwa bado tunabishana: chuo kikijua je? Yaani tulikuwa tunapima roho ya mtu na barua ya onyo.

Alipona. Hatusalimiani tena, na simlaumu.

Sasa wewe mdogo wangu, kula kwanza. Hesabu pia. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Kichupa cha mililita 200 cha asilimia 35 kina 70, karibu bia tatu, na watu wanakimaliza wamesimama. Ini linahitaji saa mbili au zaidi kwa bia moja tu. Kahawa haiharakishi, kuoga maji ya baridi hakuharakishi. Vidonge usiviguse kabisa: tramado na pombe vyote vinapunguza pumzi. Aliyezima alazwe ubavu, asiachwe peke yake. Ukimwita haamki, hospitali, mengine mtajibu kesho.

Kuhusu kuitwa mlokole, shika glasi yako ya soda, utani huisha chupa ya pili ikifunguliwa. Na ninyi mnaowatania wenzenu, jiulizeni nani atamgeuza ubavu mkilewa wote. Sisi hatukuwa naye.

Kijana kanijibu: "Sawa kaka, ila bumu linaingia Ijumaa." Nimemwambia simu yangu Ijumaa haitazimwa.