Mzizi Mmoja, Sura Mbili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa darasani kwamba maneno ya Kiingereza transmit na transmission, permit na permission, yana mzizi mmoja wa Kilatini. Ikiwa ni mmoja, mbona t inageuka s? Na je, anayeijua mizizi hiyo anaweza kubashiri maana ya neno asilolijua? (Mwanafunzi, Langoni, Lamu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzizi ni mmoja kweli, nao ni kitenzi mittere, yaani kutuma au kuachilia kitu kiende, ambacho kikitaja kilichokwisha kutumwa huwa missus. Kiingereza kilizichukua sura zote mbili, mara kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mara moja kwa moja kutoka katika maandishi ya wanazuoni. Mabadiliko hayo yasikushangaze, kwa kuwa nawe husema fuata kisha ukasema mfuasi, husema linda kisha mlinzi, pika kisha mpishi, wala hukuwahi kuuliza ile t ya fuata imekwenda wapi.

Kwa njia hiyo hiyo ducere, kuongoza, huwa ductus. Movere, kusogeza, huwa motus. Na trahere, kuvuta, huwa tractus. Mizizi hii unaitumia kila siku bila kujua: mota ya mashua ni kisogezaji, trekta ya shambani Mpeketoni ni kivutaji, na kondakta wa basi la Mokowe kwenda Malindi, ingawa kazi yake siku hizi ni kudai nauli zaidi ya kuongoza, jina lake limetoka kwa ducere.

Kuhusu kubashiri, tazama kwanza kiambishi cha mbele, kwani ndicho kionyeshacho upande wa mwendo. Portare ni kubeba. Ukitanguliza ex unapata kubeba kwenda nje, in ni kuleta ndani, trans ni kuvusha ng'ambo, na re ni kurudisha, ndiyo maana ripoti ni habari iliyoletwa kwa aliyekutuma. Permit nayo ni kuachilia kitu kipite.

Hata hivyo, usibashiri bila kufungua kamusi. Mis iliyo katika mistake haina undugu na mittere, bali ni ya ukoo wa Kijerumani, na hermit, mtawa aishiye peke yake, ni neno la Kigiriki lenye asili ya jangwa; huyo hakutumwa na mtu.