Kasa, Kadi ya Njano na Dola 2,000: Maswali Yenu Kuhusu Kujitolea India

Nilipodokeza hapa kwamba niliwahi kukesha ufukweni Chennai, kusini mwa India, nikitafuta mayai ya kasa, sikujua nimefungua bomba. Barua zimekuja nyingi, na nyingine zimeniuliza mambo ambayo hata mama yangu hajaniuliza. Nimechagua tano.

Dada, nina miaka 24, nimemaliza chuo. Kampuni moja ya mtandaoni inataka dola 2,000 nikakae India wiki nne kuokoa kasa, na nauli ya ndege haimo humo. Ni bei ya kawaida au naingizwa mjini? — Msomaji, Eldoret

Kulipa peke yake si wizi, mdogo wangu. Mgeni anakula, analala, anatumia maji, na anahitaji mtu wa kumwelekeza siku nzima. Wildlife SOS, wanaotunza tembo na dubu waliookolewa huko Mathura na Agra, huwalipisha wanaojitolea na hawalifichi jambo hilo. Dubu wao walikuwa wakichezeshwa barabarani kwa kamba iliyopitishwa puani, hadi desturi hiyo ilipokomeshwa mwaka 2009. Mgeni akifika hukata matunda, hufagia mabanda na husaidia kupika uji. Naam, dubu wanakunywa uji.

Ninachokitilia shaka mimi ni huyo wa katikati, hiyo kampuni ya mtandaoni. Mwandikie umuulize katika hizo dola 2,000 ni ngapi zinafika kwenye mradi wenyewe, na mradi unaitwa nani. Kisha muulize: mwezi ambao hakuna mgeni, kazi hii hufanywa na nani? Mradi wa kweli una wenyewe, na jibu huja hapo hapo. Ukiona wanazungukazunguka, basi kazi imetengenezwa ili wewe upate cha kufanya. Unaweza pia kutafuta jina la shirika kwenye NGO Darpan, daftari la serikali ya India la asasi za kiraia. Kuwamo humo si cheti cha ucha Mungu, lakini asiyekuwamo ana la kueleza.

Chennai ilinifundisha tofauti hiyo. Pale wenye kazi ni wanafunzi. Kundi lao, Students' Sea Turtle Conservation Network, limekuwa likitembea ufukweni kila msimu tangu 1988, kuanzia Januari hivi hadi Machi au Aprili, wakati kasa wa olive ridley wanapopanda kutaga. Tulianza usiku mkubwa upande wa Neelankarai, tukielekea Besant Nagar, kama kilomita 7 za mchanga unaozamisha mguu. Mbele alitangulia kijana wa chuo na fimbo nyembamba mkononi. Alipoona mburuzo wa kasa, mfano wa njia ya tairi inayotoka majini na kurudi, aliufuata hadi pale mchanga ulipotibuliwa, akaanza kuudungadunga taratibu kwa fimbo. Mchanga uliokaza hugoma. Ulio juu ya kiota huachia. Ulipoachia alipiga magoti na kuchimba kwa mikono mitupu. Mayai zaidi ya 100, meupe, mviringo kama mipira ya meza, yakahamia kwenye mfuko wa nguo.

Hapo ndipo nilipoaibika. Nilitaka kuona vizuri, nikawasha tochi ya simu. Kabla sijainyanyua sawasawa, kiganja cha mtu kilikuwa kimeshaifunika. Hakuniambia neno. Baadaye nilielezwa: vifaranga vya kasa vikitoka kwenye mchanga huifuata nuru, na zamani nuru ya usiku ilikuwa bahari yenyewe. Siku hizi ni taa za mji, kwa hiyo vinapanda barabarani badala ya kushuka majini. Ndiyo maana mayai huhamishiwa kwenye uzio, yakaanguliwa huko baada ya siku 45 na kitu, na vifaranga vikaachiwa vikiangaliwa. Mimi nimekwenda kusaidia, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuwasha taa.

Kuungana nao katika matembezi hakukuhitaji dola 2,000. Kulihitaji viatu vinavyovulika kirahisi, maji ya kunywa, na kukubali kwamba usiku mwingine mtatembea hadi alfajiri msikute kitu.

Naweza kwenda na viza ya utalii? Wakala wangu anasema nisitaje kabisa neno kujitolea. — Msomaji, Dodoma

Badilisha wakala. Viza ya utalii ya mtandaoni ya India inaruhusu kujitolea kwa muda mfupi, usiozidi mwezi mmoja, mradi hulipwi fedha wala kitu kingine kwa kazi hiyo. Huna sababu ya kudanganya kwa jambo lililoruhusiwa. Ukitaka miezi sita kwenye shirika, hapo unaingia kwenye viza ya ajira, hata kama hupokei mshahara, na shirika lenyewe ndilo linalokuandalia barua. Atakayekaa zaidi ya siku 180 atajiandikisha pia kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 baada ya kufika. Omba kwenye tovuti ya serikali, ile inayoishia na gov.in, zinazofanana nayo ni nyingi na zinakula pesa. Masharti yasome upya wiki unayoomba.

Na sindano ya homa ya manjano, jamani! India ina mbu wa kuueneza ugonjwa huo lakini ugonjwa wenyewe haina, kwa hiyo hawana mzaha. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo bila kadi ya njano, au aliyechanjwa chini ya siku 10 kabla ya safari, anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Wa Tanzania, nawe beba kadi yako. Ndege nyingine zitakupitisha kwa majirani hata hivyo. Iweke pamoja na pasi ya kusafiria, usiitupe kwenye sanduku lililokwenda mizigoni.

Shikamoo dada. Kikundi cha vijana wa kanisa letu kinachangisha ili kwenda kituo cha yatima kusini mwa India kwa wiki mbili, kucheza na watoto na kuwafundisha nyimbo. Tunaomba ushauri. — Msomaji, Leicester

Marahaba. Ushauri wangu ni msiende, na najua mmeshachapisha fulana.

Mtoto aliyeachwa mara moja hahitaji kupendwa kwa wiki mbili kisha kuachwa tena, halafu mwezi ujao kundi jingine lije na gitaa lake. Isitoshe, wageni wenye pesa huwa biashara: kituo chenye watoto wengi hupata wafadhili wengi, na watoto hutafutwa. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kuelezwa. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto mwaka 2017, na wengi waliokuwa wakiishi kwenye vituo vya namna hiyo wana mzazi au ndugu aliye hai.

Kama vijana wana mikono, Kolkata kuna kufua. Nyumba za masista wa Mama Teresa, ikiwamo ile ya Kalighat ya wagonjwa mahututi iliyofunguliwa 1952, zimezoea kupokea wageni bila ada, malazi mnajitafutia. Shuka hufuliwa kwa mkono, hukamuliwa na watu wawili kila mmoja akishika ncha yake, kisha huanikwa juu ya paa. Hakuna picha ya kupeleka kanisani. Wapo wanaowakosoa masista hao juu ya utunzaji wa wagonjwa, na hoja zao mzisome kabla ya kuamua. Ila shuka chafu ni shuka chafu.

Nasikia huko hawali nyama. Mimi bila nyama silali. — Msomaji, Bujumbura

Chennai biriani ya mbuzi utaikuta kila mtaa, ondoa shaka. Ila usiende Sadhana Forest, karibu na mji wa Auroville, kusini mwa India, ambako tangu 2003 watu wamekuwa wakirudisha msitu kwenye ardhi iliyokuwa imekauka, kwa kuchimba matuta ya kukinga maji ya mvua na kupanda miche ya asili. Huko hakuna nyama, hakuna yai, na hakuna hata chai ya maziwa. Wana mradi wa aina hiyo hiyo Samburu, Kenya. Wasamburu na maziwa yao! Sijui nani alianza kucheka.

Kwa nini sisi ndio twende kuwasaidia Wahindi? Na wao wanakuja kwetu? — Msomaji, Unguja

Swali lako limenipendeza, maana Unguja mna jibu lake nyumbani. Kijijini Tilonia, Rajasthan, kuna Barefoot College, iliyoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972. Kwa miaka mingi wamewapokea wanawake wa vijijini kutoka Afrika na kwingineko, wengi wao mabibi, wengine hawakupita darasani kabisa, na kuwafundisha umeme wa jua kwa miezi sita. Serikali ya India ililipia. Hawakuwa na lugha moja. Mwalimu hunyanyua kifaa, hukitaja, mama hukitaja kwa namna yake. Waya hufuatwa kwa rangi, na anayekosea hushikwa mkono na kurudishwa pale alipoanzia.

Wanawake wa Zanzibar nao walikwenda, wakarudi, wakafunga taa kwenye nyumba za vijiji vyao. Baadaye kituo kikafunguliwa Kinyasini, na sasa mafunzo yanatolewa hapo hapo, kwa Kiswahili. Panda daladala ukaangalie kabla hujaanza kuhangaikia viza.