Kabla hujaiamini makala ya sheria ya Marekani

Machi 2025 mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinitumia faili la kurasa sabini na ushee kwenye WhatsApp. Anaishi Columbus, Ohio. Yeye na mumewe wote wako kule kwa viza ya masomo, na wakati huo alikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Chini ya faili aliandika: "Shikamoo dada. Hii imetumwa kwenye grupu letu la huku. Ina maana mtoto wangu hatakuwa raia? Wewe umesoma sheria huku, niambie ukweli."

Nililifungua nikiwa kwenye benchi la mahakama, nasubiri shauri langu liitwe. Ilikuwa makala ya profesa wa sheria, imeandikwa kwa ustadi, ina tanbihi zaidi ya mia mbili, na imetoka kwenye jarida la chuo kikuu chenye jina. Hoja yake ni kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1868, hayampi uraia kila anayezaliwa kwenye ardhi ya nchi ile. Aliyeituma kwenye grupu alikuwa ameongeza maneno yake: "Sheria ndiyo hii, jiandaeni."

Nilimjibu palepale kwamba ile haikuwa sheria. Ilikuwa rai ya msomi mmoja kuhusu namna sheria inavyopaswa kusomwa, na Mahakama ya Juu ya kule ilikuwa imekwisha kusema kinyume chake mwaka 1898. Lakini niliporudi ofisini nilijua jibu la mistari miwili halitoshi. Makala hizi zinawafikia ndugu zetu kwenye simu bila maelezo, na zinawafikia pia wanafunzi wetu wa sheria na mawakili wenzangu wanaotafuta hoja mtandaoni. Wengi wanazisoma kama nilivyokuwa nazisoma mimi zamani, yaani vibaya.

Mwaka 2016 nilikwenda Marekani kusoma shahada ya uzamili ya sheria. Katika insha yangu ya kwanza niliandika, kwa kujiamini kabisa, "Sheria ya Marekani inasema kwamba..." kisha nikaweka tanbihi inayoelekeza kwenye makala ya jarida. Profesa alizungushia duara lile neno "inasema" na pembeni akaandika swali moja: "Mahakama gani?" Nilirudi kuisoma tena makala ile usiku. Hapakuwa na mahakama yoyote. Mwandishi alikuwa anapendekeza, na mimi nilikuwa nimelibeba pendekezo lake nikaliita sheria. Duara lile nalikumbuka kila ninapofungua makala mpya.

Sisi tuliosomea Afrika Mashariki tumezoea kitabu cha kiada kinachotueleza sheria ilivyo. Tukiona jarida la chuo tunalichukulia vivyo hivyo. Majarida ya sheria ya Marekani yana kazi nyingine. Profesa wa kule hapandi cheo kwa kueleza sheria ilivyo, maana hilo kila mtu anaweza kulisoma kwenye hukumu. Anapanda kwa kusema jambo ambalo bado halijasemwa: kwamba mahakama imekosea, kwamba kuna historia iliyosahauliwa, kwamba kanuni fulani haina msingi. Kwa hiyo makala nzuri kabisa inaweza kuwa, kwa makusudi, kinyume cha sheria iliyopo.

Jambo la pili lililonishangaza ni nani anayeamua kipi kichapwe. Majarida mengi makubwa ya sheria yanaendeshwa na wanafunzi. Harvard Law Review ilianza mwaka 1887 na mpaka leo wahariri wake ni wanafunzi. Barack Obama aliiongoza mwaka 1990 akiwa bado mwanafunzi, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwandishi anaruhusiwa kutuma makala moja kwa majarida mengi kwa mpigo, jambo ambalo kwenye sayansi ni mwiko. Wanafunzi hao wanafanya kazi ngumu sana ya kuhakiki tanbihi: kila chanzo wanakitafuta, wanakifungua, wanaangalia kama kweli kinasema kilichodaiwa. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini kuhakiki kwamba nukuu iko ukurasa ule ni kazi moja, na kupima kama hoja nzima inasimama ni kazi nyingine. Jina kubwa la chuo kwenye jalada linakuthibitishia ile ya kwanza tu.

Sasa ninavyosoma. Sianzi mwanzo. Naanza na tanbihi ya kwanza kabisa, ile yenye alama ya nyota chini ya jina la mwandishi. Hapo anasema anafundisha wapi, anawashukuru nani, na mara nyingi anakiri kama aliwahi kuwa wakili wa upande mmoja katika kesi anayoijadili. Kisha naruka hadi mwisho wa utangulizi, ambapo kwa kawaida kuna aya inayoeleza makala imegawanywa vipi. Mpangilio ni karibu uleule kila mara: sehemu ya kwanza inaeleza sheria ilivyo na ilikotoka, ya pili inaonyesha kasoro, ya tatu inaleta pendekezo, na mwishoni pingamizi hujibiwa.

Kwa mtu wa nje kama mimi na wewe, hazina iko kwenye sehemu ya kwanza. Profesa amekukusanyia kesi za miaka hamsini kwenye kurasa kumi na tano, kwa mpangilio, bila malipo. Nikiingia kwenye eneo la sheria ya kule nisilolijua, nachukua makala tatu za waandishi wasioelewana, nasoma sehemu ya kwanza ya kila moja, na pale wote watatu wanapokubaliana najua nimesimama kwenye ardhi imara. Sehemu ya tatu naisoma kwa kalamu, napiga mstari chini ya kila "inapaswa" na "ingefaa". Mstari huo ndio unaonikumbusha kwamba nimetoka kwenye sheria na kuingia kwenye ombi.

Nitoe mfano mmoja ninaoupenda, kwa sababu unaonyesha nguvu ya kazi hii na mpaka wake.

Mwaka 1871 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda watu weusi wa Kusini dhidi ya Ku Klux Klan na maafisa walioshirikiana nayo. Sheria hiyo inamruhusu mtu kumshtaki afisa wa jimbo aliyevunja haki zake za kikatiba. Lakini kuanzia uamuzi wa Pierson v. Ray wa mwaka 1967, Mahakama ya Juu ilijenga kinga kwa maafisa hao, na leo mlalamikaji anatakiwa aonyeshe kwamba haki iliyovunjwa ilikuwa imekwisha kuwekwa wazi na kesi za nyuma. Wengi wanashindwa hapo. Mwaka 2018 profesa wa sheria William Baude aliandika kwamba kinga hii haina msingi wa kisheria, na miaka miwili baadaye Jaji Clarence Thomas wa mahakama hiyo aliirejea makala yake alipoandika kwamba mahakama iitazame upya.

Halafu mwaka 2023 akaja profesa mwingine, Alexander Reinert. Alirudi kwenye maandishi ya sheria ya 1871 kama Bunge lilivyoipitisha, akakuta kifungu chenye maneno 16 ya Kiingereza ambayo hayamo kwenye sheria inayotumika leo. Maneno hayo yanasema, kwa ufupi, kwamba afisa atawajibika hata kama sheria, kanuni au desturi ya jimbo inasema vinginevyo. Yalidondoka sheria za shirikisho zilipokusanywa kwenye kitabu kimoja mwaka 1874, bila Bunge kuamua kuyafuta. Fikiria hilo: kinga imejengwa kwa madai kwamba Bunge halikutaka kuziondoa kinga za zamani, kumbe kwenye maandishi ya awali kulikuwa na maneno yanayoelekea kuziondoa, na kwa karibu miaka 150 karibu kila mtu alisoma nakala iliyopungua.

Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kesi ya mfungwa wa Texas aliyeangukiwa na dari kichwani akifanya kazi kwenye banda la nguruwe, akachelewa kupelekwa kwenye matibabu. Jaji Don Willett aliandika maoni yake ya ziada akiutaja utafiti wa Reinert na kusema ni jambo zito. Na bado maafisa walipata kinga. Mahakama ya chini haiwezi kuupuuza uamuzi wa Mahakama ya Juu kwa sababu profesa amegundua karatasi, hata kama karatasi ni ya kweli. Moyo unaniuma kila nikiisoma kesi ile. Lakini mtu akiniuliza sheria ikoje leo, siwezi kumjibu kwa makala ya Reinert. Namjibu kwa hukumu.

Tarehe nayo ina madhara yake. Mwaka 2025 wakili kijana ninayemsimamia aliniletea rasimu ya maoni ya kisheria kwa mteja aliyekuwa na shughuli Marekani. Alikuwa ameandika kwamba pale sheria inapokuwa na utata, mahakama za kule zitafuata tafsiri ya taasisi ya serikali inayoisimamia, mradi ni tafsiri yenye mantiki. Ilitoka kwenye makala safi ya mwaka 2012. Hiyo ndiyo kanuni ya Chevron ya mwaka 1984, na Mahakama ya Juu iliitupa tarehe 28 Juni 2024 katika kesi ya Loper Bright, iliyoanzia kwa wavuvi wa samaki waliokataa kuwalipia wakaguzi wa serikali kwenye boti zao. Nilimwambia, "Msomi, hii imezikwa." Alinyamaza, akachukua rasimu yake, na kesho yake akaja na iliyo sahihi. Alikuwa ameongeza na jambo ambalo mimi sikumwambia: kwamba kesi za zamani zilizoamuliwa kwa kufuata Chevron hazikufutwa zenyewe.

Kwa hiyo kila kesi inayobeba hoja ya makala, itafute jina lake kabla hujaitumia. Ukiwa na Westlaw, huduma ya kulipia ya kutafutia hukumu, bendera nyekundu itakuonya kwamba kesi haisimami tena. Ukiwa huna, na wengi wetu huku hatuna, CourtListener na Google Scholar zinatoa hukumu bure na zinaonyesha nani ameirejea kesi hiyo baadaye. Na ukipata makala kwenye SSRN, tovuti ambako wasomi huweka kazi zao, kumbuka mara nyingi ni rasimu. Tafuta iliyochapwa, kwa sababu waandishi hubadili hoja katikati ya hizo mbili.

Kisha mtafute mpinzani. Jaji Mkuu John Roberts alipata kulalamika mwaka 2011 kwamba ukifungua jarida lolote la sheria utakuta kitu kama athari za mwanafalsafa Kant kwenye sheria ya ushahidi ya Bulgaria ya karne ya 18. Lakini mahakama yake inazisoma makala hizi inapozihitaji. Mwaka 2017 profesa Samuel Bray aliandika kwamba jaji mmoja wa shirikisho hana mamlaka ya kutoa zuio linalofunga mikono ya serikali nchi nzima, na kwamba mazuio hayo ni mapya, yalianza 1963. Mwaka 2020 profesa mwenzake, Mila Sohoni, akamjibu kwa historia tofauti, akiyafuatilia nyuma mpaka 1913. Tarehe 27 Juni 2025, katika Trump v. CASA, majaji sita dhidi ya watatu walifuata njia ya Bray, na Jaji Amy Coney Barrett aliirejea makala yake. Aliyekuwa amemsoma Bray peke yake aliona ushindi wa kawaida. Aliyewasoma wote wawili alijua historia yenyewe inabishaniwa bado.

Na kesi ile ilimhusu mdogo wangu. Amri iliyokuwa imezuiwa ni ile ya Rais Trump ya tarehe 20 Januari 2025, inayotaka kuwanyima uraia watoto wa mama aliye nchini kwa viza ya muda, kama baba naye si raia wala mkaazi wa kudumu. Yeye na mumewe kabisa. Wazo lenyewe halikuzaliwa siku ile: wasomi wawili wa Yale, Peter Schuck na Rogers Smith, mwaka 1985 walichapisha kitabu kilichodai kwamba Katiba haiwalazimishi Wamarekani kuwapa uraia watoto wa wasio na vibali. Kwa miaka mingi lilibaki maktaba. Upande wa pili kuna Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco mwaka 1873 kwa wazazi Wachina, aliyezuiwa kurudi nyumbani mwaka 1895 na kushinda Mahakama ya Juu mwaka 1898. CASA yenyewe haikuamua kama amri ni halali. Iliamua kuhusu mazuio tu, na tarehe 10 Julai jaji wa New Hampshire akaizuia tena kupitia kesi ya kundi la watoto.

Nilimwandikia mdogo wangu haya yote kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikagawanya: hiki kimeamuliwa, hiki kinabishaniwa, hiki anakipendekeza huyu bwana. Nikamwambia mimi si wakili wa Ohio, aende na karatasi hiyo kwa wakili wa uhamiaji wa kule, asitegemee grupu wala asinitegemee mimi. Alikwenda yeye na mumewe. Mtoto alizaliwa katikati ya Julai, salama.

Siku hizi bado ananitumia makala zinazozunguka kwenye grupu lao. Wiki iliyopita ameleta nyingine, kurasa hamsini na nane, na safari hii swali lake lilikuwa: "Dada, hii aya ya ukurasa wa 41, hapo bado anaeleza au ameshaanza kuomba?"

Alikuwa ameshaanza kuomba.