Roda ya nanga inacheza: angalia sitaha kabla ya kukaza bolti

Mkuu, umesema boti yako ni ya faiba, futi 23, inalala Mikindani, Mtwara. Roda ya nanga, lile gurudumu la omo (mbele ya boti) linalopitisha kamba, inacheza, bolti ukizikaza zinazunguka tu, na chemba ya nanga haikauki. Kwa dalili hizo tatizo haliko kwenye bolti, liko kwenye sitaha iliyo chini yake. Kama umeshauriwa kutoa bolti na kupiga skrubu nene zenye silikoni, ushauri huo uache kabisa. Skrubu inashika ganda la juu peke yake, na nanga ikinasa kwenye tumbawe siku moja tu, kiti cha roda kinaondoka na kipande cha sitaha.

Sitaha za boti nyingi za faiba zina ganda la faiba juu, ganda chini, na katikati plaiwudi au mbao nyepesi. Bolti ikilegea kidogo maji ya chumvi hupenya kwenye tundu, plaiwudi inalowa na kuoza. Ukikaza nati hapo unayabana maganda mawili yakaribiane, basi. Ndiyo sababu leo inakaa, kesho inacheza tena.

Pima hivi. Gonga sitaha kwa mpini wa bisibisi ukianzia mbali na kuja kwenye roda. Palipo pazima hulia kavu na kwa ukali, palipooza hulia butu. Chora mpaka wake kwa penseli. Kisha ingia chembani, toboa kwa biti ya milimita 3 kutokea chini, usipenye ganda la juu, na uangalie kinachotoka: unga mkavu wa rangi ya mbao, pako sawa, tope jeusi, pameoza. Kuoza kukiwa ni sentimita 2 au 3 kuzunguka kila tundu, endelea na maelezo haya. Kukizidi kiganja cha mkono, ganda la juu likatwe na mbao ibadilishwe. Hiyo ni kazi nyingine, tafuta fundi wa faiba aione.

Kufungua kunahitaji watu wawili, mmoja juu na bisibisi au spana, mwingine chembani na spana namba 17 kama bolti ni za milimita 10. Nati ikigoma, kata kichwa cha bolti kwa grenda, lakini toa tangi la petroli kwanza na ufunike sitaha kwa gunia bichi, maana cheche za chuma zikitua kwenye faiba zinaacha madoa ya kutu.

Sasa sehemu yenyewe. Panua kila tundu hadi milimita 18 au 20 kutokea juu, upite ganda la juu na mbao, lakini ganda la chini liache na tundu lake la zamani. Kunja ncha ya msumari, ifunge kwenye drili, izungushe ndani ya tundu ikwangue mbao laini pembeni mpaka ufike kwenye mbao ngumu. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu, halafu acha jua lifanye kazi. Usiku funika, umande wa pwani unarudisha maji yote. Usijaze kitu mpaka mbao iwe kavu kweli, hata ikichukua wiki. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa haraka.

Ziba chini kwa tepu. Paka kuta za tundu epoksi nyepesi ili mbao inywe, kisha jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa silika na nyuzi fupi za faiba, iwe nzito kiasi kwamba ukiichota kwa kijiti haidondoki. Isukume kwa bomba la sindano ukianzia chini ili isibaki hewa. Resini ya kawaida ya poliesta ni rahisi kupata, ila haishiki vizuri kwenye mbao wala kwenye faiba ya zamani. Kwa tundu linalobeba nanga nenda na epoksi. Na usizichanganye akilini: hadina (dawa ya kugandisha) ya poliesta unaipunguza au kuiongeza kufuatana na joto, kati ya asilimia 1 na 2, lakini ya epoksi ni kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, hakiongezwi wala kupunguzwa. Kwa joto la Mtwara wakati wa kaskazi changanya gramu 100 kwa mara moja, kwenye chombo kipana na si kwenye kikombe, asubuhi na mapema. Kikombe kilichojaa kitachemka mkononi.

Ikikauka, toboa upya katikati kwa biti ya milimita 10. Bolti sasa inapita ndani ya epoksi, haigusi mbao. Kwa biti kubwa chonga ukingo wa juu wa tundu kidogo, uwe kama kisahani. Gundi ya kuziba, nitakayoitaja chini, itakaa hapo na kuwa pete ya kuzuia maji.

Chini ya sitaha lazima pawe na bamba, washa ndogo za nati hazitoshi. Bamba rahisi ni la faiba yenyewe: tabaka 8 za mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba zinatoa takribani milimita 8, na halipati kutu. Likate lizidi kiti cha roda sentimita 5 kila upande kama nafasi ipo. Aluminiamu siipendi hapo, kwenye unyevu wa chumvi ikigusana na bolti za stenlesi inaliwa.

Bolti ziwe zenye maandishi A4 kichwani. A2 inaota kutu chini ya sitaha, na sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, soma kichwa. Urefu piga hesabu: kiti 5, sitaha 20, bamba 8, washa 3, nati 10, jumla milimita 46, nunua za 50. Paka uzi wa bolti grisi, kwa kuwa stenlesi kwa stenlesi hung'ang'aniana. Gundi iwe ya poliuretani, Sikaflex 291 au mfano wake, baada ya kusafisha kwa asetoni. Kaza mpaka gundi itokeze pande zote, acha siku moja au mbili, kisha maliza kwa kuzungusha nati tu, bolti ishikiliwe isizunguke. Ukizungusha bolti unachana ile pete.

Kabla hujarudisha kiti, kitazame kwenye kona za mashavu. Kukiwa na ufa, kichomelewe kwa fimbo za stenlesi, za kawaida zitaota kutu mwezi huohuo. Roda iliyochimbika apelekewe fundi wa leti achonge nyingine. Ikiwa ya nailoni aache nusu milimita kwenye pini, maana nailoni hunywa maji na kuvimba.

Chanzo cha yote haya mara nyingi ni kamba fupi na kubandua nanga kwa nguvu ya mashine. Bamvua la huku hupandisha maji zaidi ya mita 3. Ukitia nanga maji yakiwa mita 3 wakati wa kupwa, yakijaa ni 6, ongeza mita 1 ya kimo cha omo, zidisha mara tano: mita 35 za kamba. Ukitoa 15, kila wimbi linavuta omo chini na roda ndiyo inayopigwa. Mzigo uwe kwenye kigingi cha kufungia kamba, roda iongoze kamba tu. Nanga ikinasa, usiivute kwa pembeni. Isimamie wima juu yake, funga kamba kwenye kigingi, subiri wimbi liinyanyue.

Kama unatoka kabla kazi haijaisha, fungua kiti chote, ziba matundu kwa tepu, na kamba ipite ukingoni kwa omo ikiwa imevalishwa kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa.