Hesabu Machi, usihesabu Desemba

Swali la wiki hii linauliza: ulijuaje kwamba kazi yako ya pembeni imeshatosha kukulisha, ukaacha ajira? Mimi ni seremala hapa Masasi, mkoani Mtwara. Kwa miaka tisa nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja mchana, jioni nashika randa uani kwangu. Nilitaka kuacha kazi mwaka 2017, nikaja kuacha 2021, na jibu langu lote limo katika miaka hiyo minne.

Msimu wa 2017 ulikuwa msimu haswa. Bei ya korosho ghafi mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na aliyekuwa huku anakumbuka: foleni za benki zinaanza alfajiri, bati zinapakiwa kwenda vijijini, pikipiki mpya kila kona. Mtu akishaezeka nyumba anataka mlango; akishapata mlango anataka kitanda. Desemba ile peke yake nilibakiwa na faida ya shilingi 1,900,000. Mshahara wangu wa mwezi ulikuwa 380,000. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Kabla ya kuipeleka nilimwonyesha mjomba. Kwetu Wamakua, jambo zito kama hilo huliamui bila mjomba. Akaisoma, akaikunja, akaniuliza: "Mjomba, Machi ulipata ngapi?" (Mjomba na mpwa tunaitana hivyo hivyo.) Sikukumbuka, ikabidi nikachukue daftari. Machi nilikuwa nimeuza meza moja na mbuzi mbili za kukunia nazi. Faida, shilingi 46,000.

"Basi hesabu Machi, usihesabu Desemba." Barua akabaki nayo yeye.

Mwaka uliofuata ndipo nilipomwelewa. Mnadani wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uhakiki wa wakulima ulichukua muda, hela ikawa inafika kwa mafungu. Mimi nilikuwa nimeshakopa mbao za mninga na kuunda vitanda 7 vya kungojea msimu. Vikasimama ukutani vinakula vumbi. Mzee mmoja wa Chiungutwa alikuwa amelipia robo ya kitanda chake. Alikuja mara tatu kukitazama tu. Anapitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani, anainama kuhesabu chaga, kisha ananiambia, "Fundi, usimpe mtu mwingine," anaondoka. Sikumpa mtu. Alikuja kukichukua Mei 2019. Miezi yote hiyo, deni la mbao lililipwa na mshahara wa stoo.

Hapo ndipo nilipoona kasoro yangu. Wateja nilikuwa nao wengi, lakini hela yao wote ilitoka kwenye mti mmoja. Yeyote anayefanya biashara Mtwara au Lindi, awe fundi cherehani, muuza vyombo au mpishi wa shughuli, ajiulize hilo kabla ya kuandika barua: korosho ikichelewa, nani atakuja kwangu?

Nikaanza kuwafuata walimu na manesi, watu wa mwisho wa mwezi. Kabati la vyombo au meza ya kusomea, mtu analipa kwa awamu tatu. Nikaanza kupokea pia ukarabati, kazi ambayo zamani niliiona inanipotezea muda: kitasa, bawaba, kiti kilicholegea. Hela yake ndogo, ila haina msimu. Na mbao nikawa nanunua kiangazi, nazipanga na vijiti katikati zipate hewa, nazikausha mwenyewe. Mlango wa mbao mbichi ukiupeleka Oktoba, Februari umeshajikunja, haufungi, na fundi unatafutwa mtaa mzima.

Kuanzia Mei 2020 tukakubaliana na mama watoto kwamba mshahara hatuugusi. Nyumba iishi kwa useremala tu, na mshahara ukae benki uwe mtaji wa mbao. Ilikuwa ngumu, sitaki kudanganya. Februari tulikula mboga za majani mfululizo. Lakini Machi 2021 daftari lilisoma 410,000.

Leseni na namba ya mlipakodi nilikuwa nazo tayari. Kitu ambacho sikukiwekea hesabu ni matibabu: ukiacha ajira, bima uliyokatiwa na mwajiri inaondoka nayo, na watoto hawaugui kwa ratiba. Anayejiandaa leo aitafutie bima nafasi mapema.

Barua ya pili niliipeleka tarehe 30 Aprili 2021. Jumatatu iliyofuata nilifungua karakana saa moja asubuhi. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu, kabeba kiti kilichovunjika mguu. Nilimtoza shilingi 3,000, nikaziandika.