Shangazi Anajibu: Lango Likiwa Wazi, Nani Yuko Ndani?

Swali: Shangazi, shikamoo. Naishi Minneapolis na mke wangu na watoto wawili. Tumedunduliza tangu mwaka jana ili Juni twende hifadhi ya Yosemite, kule California. Mwenzangu kazini anasema serikali imewaachisha watu kazi kule, bora tuahirishe. Lakini hifadhi iko wazi na kiingilio tunalipa. Sasa kilichoharibika ni nini? — Baba wa wawili

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nendeni. Ila hilo neno "wazi" usilipokee juu juu.

Tarehe 14 Februari 2025, Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani iliwaachisha kazi watu wapatao 1,000 waliokuwa katika kipindi cha majaribio. Usidhani wote walikuwa wageni wa kazi. Hata mzoefu akipewa nafasi mpya anaweza kuanza majaribio upya. Yosemite ilimpoteza fundi kufuli wake wa pekee. Hebu fikiria: vyoo, makabati ya silaha za askari wa hifadhi, maghala, vyote vina kufuli, na anayezijua zote ni mtu mmoja. Siku nane baadaye wafanyakazi walitundika bendera ya taifa kichwa chini kwenye jabali la El Capitan, ishara ya kuomba msaada. Machi mahakama iliamuru watu warudishwe, na wengi walirudi. Lakini wengine, wakiwamo wazee wa kazi, walikuwa wamekubali kuondoka mapema, na ujuzi wao ukaondoka nao.

Nakuambia hivi kwa sababu niliwahi kufanya kibarua cha msimu katika hifadhi moja ya magharibi, nikisafisha vyoo. Vile vya mwanzo wa njia za kupandia mlima havina maji. Chini kuna tangi, na lori huja kulinyonya. Jumamosi nilikuwa naweka karatasi asubuhi, saa nane mchana zimekwisha. Tulikuwa wawili kwa vyoo kumi na saba. Mwenzangu alipougua, hakuletwa mtu mwingine. Siku ya tatu watu walianza kwenda nyuma ya miti, hatua chache kutoka kijito ambacho wapandaji walichota maji ya kunywa. Niliokota kwa koleo nikilia. Na siku zote hizo lango lilikuwa wazi, magari yakiingia.

Jambo hilo hilo lilionekana kwa ukubwa zaidi serikali iliposimamisha shughuli kwa siku 35, kuanzia Desemba 2018. Huko Joshua Tree, California, wageni waliendelea kuingia ilhali walinzi ni wachache. Watu waliendesha magari nje ya barabara na kuangusha miti ile inayokua polepole mno. Msimamizi mmoja wa zamani alisema jangwa hilo litahitaji miaka 200 hadi 300 kupona.

Kuhusu kiingilio chako: sehemu kubwa yake, kwa kawaida asilimia 80, hubaki palepale hifadhini, nayo husaidia. Lakini mishahara ya waajiriwa wa kudumu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye bajeti ya Bunge, na huko ndiko panapokatwa. Wakati huohuo, mwaka 2024 hifadhi za taifa za Marekani zilitembelewa mara milioni 331.9, idadi isiyopata kufikiwa.

Mkipita kwenye misitu ya taifa, jihadharini na moto. Idara ya Misitu nayo ilipunguza watu mwaka 2025, na wengi wa wanaosafisha njia huko wana kibali cha kuzima moto. Ukimwondoa wa panga, umemwondoa na wa moto.

Basi bebeni maji ya kutosha, mifuko ya taka na karatasi zenu za chooni, na msipande njia ngumu kwa kutegemea kuokolewa haraka. Kabla ya safari mwandikie mbunge wako, umweleze habari za yule fundi kufuli. Ukirudi, niandikie na mimi, uniambie vyoo vya mwanzo wa njia umevikutaje.