"Shambles" si mtoto wa shamba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge. Hadi leo husimulia kwamba meneja wao Mwingereza alipoingia korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, akakuta singa (nyuzi za mkonge) zimetapakaa na troli imeacha reli, alifoka neno moja la Kiingereza: "shambles", yaani fujo tupu. Wazee wa hapa wanaamini hilo ni "shamba" letu lililogeuzwa kuwa tusi, eti kwa Mzungu shamba la Mwafrika ni fujo tu. Ni kweli?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie babu si kweli, lakini mwambie taratibu, maana uchungu wake una sababu. "Shambles" halina undugu na shamba. Limetoka kwenye meza ya nyama.

Meza hiyo naijua. Marehemu baba aliuza nyama Ngamiani, mjini Tanga, na kazi yangu kila siku kabla ya magharibi ilikuwa kuisugua meza yake kwa jivu na kumbi la nazi. Chembe za mifupa zimenasa kwenye mbao, damu imeganda kuzunguka gogo la kukatia, inzi wamezitanda kulabu, na paka wa mtaa mzima wanangoja chini. Ungeiona meza ile saa hiyo, usingehitaji kamusi.

Waingereza wa kale walilipata neno hilo kutoka Kilatini, scamellum, yaani kibao cha kukalia. Kwao kikawa kigoda, kisha meza ya kuuzia bidhaa, kisha meza ya nyama peke yake. Meza zilipopangwa nyingi pamoja, wingi wake ukawa jina la soko lenyewe. Mjini York mtaa wa jina hilo upo hadi leo, mwembamba, na baadhi ya maduka yake bado yana kulabu za nyama kwa nje. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamnukuu Paulo akiwaambia Wakorintho wale chochote kiuzwacho kwenye "shambles". Biblia yetu imeandika "sokoni", nami naona imepatia. Hapo hakuna fujo yoyote, ni watu wananunua kitoweo.

Kutoka sokoni neno likahamia machinjioni, na kutoka machinjioni likaenda mahali palipojaa maiti. Ilipofika karne ya 20, damu ilikuwa imekauka ndani yake, hata chumba kisichofagiliwa kikaitwa hivyo. Sisi hapo tungesema vurumai, au mchafukoge.

Shamba lenyewe lisisingiziwe. Pita njia ya Muheza utazame mistari ya mkonge ilivyonyooka. Mistari ya namna hiyo ilipandwa kwa mikono ya akina babu yako, kwa jembe na kamba. Akikuuliza basi meneja alimaanisha nini siku ile, mjibu kwamba aliiona korona yake kama meza ya baba yangu jioni, kabla sijafika na jivu.